Plastiki ya kebo ikijaa chaji, hasara humfikia mkulima

MSIMU wa kusaga wa mwaka 2011, mashine ya mjomba wangu katika kijiji kimoja wilayani Mufindi ilisimama kwa siku 19. Mota ilikuwa nzima, mkanda ulikuwa mpya, na mahindi yalikuwa yamejaa kwenye vihenge vya majirani. Kilichokuwa kimekufa ni mita 40 za waya uliotoka kwenye nguzo hadi kwenye kibanda cha mashine.

Fundi alipoukunja waya ule, ganda lake lilipasuka na kudondoka vipande vipande. "Mzee, shaba yako nzima, unaweza hata kuiuza," alimwambia mjomba. "Kilichokufa ni plastiki."

Mjomba alinigeukia. "Mpwa wangu, wewe umekaa chuo kikuu. Hivi plastiki nayo inakufa?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mchumi wa kilimo. Nilisomea bei za mazao na gharama za uzalishaji, si nyaya. Lakini akina mama waliobeba mahindi kichwani hadi kijiji cha pili kwa siku 19 walinifundisha kwamba bei ya unga hutegemea pia uzima wa plastiki. Makala haya ni jibu langu kwa mjomba, ingawa nimechelewa.

Kazi ya ganda

Waya wowote wa umeme una sehemu mbili. Ndani kuna shaba au alumini inayopitisha umeme. Nje kuna ganda linalouzuia umeme usitoke, ambalo kitaalamu huitwa kihami. Zamani kihami cha kebo kubwa kilikuwa karatasi iliyoloweshwa mafuta. Siku hizi kebo nyingi hutumia plastiki, hasa aina ya polithini iliyoimarishwa ambayo mafundi huijua kwa herufi XLPE.

Tunaponunua waya, wengi wetu tunauliza unene wa shaba. Ni swali zuri. Hata hivyo, shaba haizeeki haraka. Anayezeeka ni kihami. Jua humkausha, joto humlainisha, maji humpenya na panya humtafuna. Hayo tunayaona kwa macho.

Yako mengine tusiyoyaona. Plastiki, pamoja na sifa yake ya kuzuia umeme, hairudishi kila kitu nyuma. Msongo wa umeme ukiwa mkubwa sana, chembe ndogo za umeme, yaani chaji, hutoka kwenye metali na kuingia ndani ya plastiki yenyewe. Zikishaingia, nyingi hukwama humo.

Foleni ya Tunduma

Anayefanya biashara mpakani ataelewa jambo hili haraka. Malori yakifika Tunduma na kukuta mpaka umejaa, huegesha kando ya barabara. Lori moja halina madhara. Yakiwa mamia, barabara hubana, na hata gari lisilokwenda Zambia hushindwa kupita.

Ndani ya plastiki hali ni hiyo hiyo. Chaji zilizokwama husukuma na kuvuta chaji nyingine. Sehemu moja ya ganda hupunguziwa mzigo, na sehemu nyingine huongezewa. Kebo iliyopimwa kiwandani kubeba msongo fulani kwa usawa hujikuta kipande chake kimoja kinabeba zaidi ya kilichokusudiwa. Kipande hicho huchoka kwanza, na siku moja hutoboka.

Hapa lazima tutofautishe aina mbili za umeme. Umeme wa TANESCO unaofika nyumbani ni AC, ambao hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde moja. Chaji ikianza kuingia kwenye plastiki, inavutwa kurudi kabla haijafika mbali. Ni kama malori yanayoamriwa kugeuza kila mara. Hakuna linalopata muda wa kuegesha.

Umeme wa DC, kama ule wa betri au paneli ya sola, huelekea upande mmoja tu. Ukiwa na msongo mkubwa sana, chaji hupata siku na miezi ya kujipenyeza na kujikusanya. Hatari huzidi pale mwelekeo wa umeme unapogeuzwa ghafla, kwa sababu zile chaji zilizokwama haziondoki papo hapo. Nguvu yao hujumlishwa na msongo mpya, na plastiki hubeba mzigo wa pande mbili kwa wakati mmoja.

Kugonga tikiti maji

Msomaji anaweza kuuliza: kama chaji hizi hazionekani, zimejulikanaje? Mchuuzi wa matikiti hujua lililoiva bila kulipasua. Hugonga na kusikiliza.

Wataalamu wa Japani, akiwemo Profesa Tatsuo Takada, walibuni njia inayofanana na hiyo katika miaka ya 1980. Kipande cha plastiki hupigwa na mshtuko mfupi mno wa umeme. Chaji zilizomo ndani hutikisika, na mtikisiko huo hutoa sauti ndogo ambayo kifaa maalumu huisikia. Sauti inayotoka karibu hufika mapema, na inayotoka mbali huchelewa. Kwa hesabu hiyo hujulikana chaji ziko wapi na ni nyingi kiasi gani, bila kuikata kebo.

Njia hiyo ndiyo iliyowezesha watu kupima dawa ya ugonjwa huu. Dawa yenyewe ni ya kushangaza, kwani ni unga wa madini.

Unga wa ekari nane

Kuchanganya unga wa madini kwenye plastiki na mpira si jambo jipya. Udongo mweupe wa kaolini, wa aina inayopatikana Pugu nje ya Dar es Salaam na hata Malangali huku Mufindi, ni aina ya madini ambayo huchomwa, husagwa na kuchanganywa katika mpira wa baadhi ya kebo ulimwenguni.

Jipya ni ukubwa wa chembe. Mwaka 1994 mtafiti T. J. Lewis wa Bangor, huko Wales nchini Uingereza, aliandika kwamba chembe zikiwa ndogo kwa kiwango cha nano, kihami kingekuwa na tabia tofauti kabisa. Nano moja ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Chembe tunazozungumzia hazifiki nano 100.

Kwa nini udogo uwe na maana? Jibu liko kwenye hesabu ya eneo. Chukua kilo moja ya magnesiamu oksaidi, ambao ni unga mweupe. Ikisagwa hadi chembe za ukubwa wa mchanga laini, jumla ya nyuso za chembe zote hulingana na sakafu ya chumba kikubwa. Ikitengenezwa kwa chembe za nano 50, kilo ile ile huwa na jumla ya nyuso zinazokaribia mita za mraba 33,000. Hizo ni zaidi ya ekari nane.

Uso wa chembe ndipo plastiki na madini vinapokutana, na hapo ndipo chaji hunaswa. Kwa hiyo unga kidogo, mara nyingi asilimia chache tu za uzito wa plastiki, hutosha kuweka mitego mingi mno ndani ya ganda.

Hapa mtu mwenye akili atasema: je, mitego si ndiyo inayoleta foleni? Inategemea ilipo na ilivyo. Mitego ya nano ni mirefu, na chaji zikinaswa haziachii kwa urahisi. Za kwanza kuingia hunaswa hapo hapo mlangoni, karibu na metali zilikotoka. Zikishakaa pale, huzisukuma nyuma chaji za aina yao zinazotaka kuingia. Ni kama malori machache yaliyojaza maegesho ya kwanza kabisa. Madereva wanaofuata wakiona hivyo hawatoki Makambako. Barabara ya mbele hubaki wazi.

Watafiti J. Keith Nelson wa Marekani na John Fothergill wa Uingereza, pamoja na wenzao, walionyesha tofauti hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walichanganya titani oksaidi, ule unga unaoipa rangi ya ukuta weupe wake, kwenye gundi ngumu ya epoksi. Mchanganyiko wa chembe kubwa ulikusanya chaji nyingi ndani. Ule wa nano ulikusanya kidogo. Madini yale yale, matokeo tofauti. Nchini Japani, majaribio ya magnesiamu oksaidi ndani ya polithini nayo yalionyesha chaji zikizuiwa kuingia ndani.

Uji wenye madonge

Lakini dawa hii ina masharti. Kila aliyewahi kupika uji anajua kwamba unga ukimwagwa vibaya hufanya madonge. Chembe za nano hupenda kushikana kuliko unga wowote wa jikoni. Zikishikana, zinakuwa chembe kubwa tena, na faida yote hupotea. Zaidi ya hapo, donge ndani ya kihami huwa ni kasoro ambapo umeme unaweza kuanzia kutoboa.

Sharti la pili ni ukavu. Unga wa oksaidi hupenda unyevunyevu wa hewa, na maji ndani ya kihami ni adui. Ndiyo maana viwanda huupaka unga huo kemikali maalumu kabla ya kuuchanganya, kama wakulima tunavyopaka mbegu dawa kabla ya kupanda. Kemikali hiyo huusaidia unga kushikana na plastiki, na huyafukuza maji.

Sharti la tatu ni kipimo. Unga ukizidi, chembe hukaribiana mno na huweza kuipa chaji njia ya kupita. Mkulima anayejua kwamba mbolea ikizidi huunguza mche hatashangaa.

Maabara moja ikitumia unga mzuri na nyingine unga wenye madonge, zote zinaweza kusema zimejaribu "nano" na zikatoa majibu yanayopingana. Hilo limetokea mara nyingi, na ndiyo sababu teknolojia hii haikuenea haraka kama ilivyotabiriwa.

Imefika sokoni?

Imefika, ila kwa hatua chache. Mwaka 2012 Japani ilianza kutumia kebo ya DC ya kilovoti 250 yenye chembe za nano katika kiungo cha visiwa vya Hokkaido na Honshu. Mwaka 2019 Uingereza na Ubelgiji ziliunganishwa chini ya bahari kwa mradi wa Nemo Link, wenye msongo wa kilovoti 400 na uwezo wa megawati 1,000. Kihami cha kebo yake, iliyotengenezwa na kampuni ya Sumitomo Electric, kina unga wa madini.

Aidha, wapo wanaopita njia nyingine. Mwaka 2014 kampuni ya ABB ilitangaza kebo ya DC ya kilovoti 525 inayotumia plastiki iliyosafishwa kwa kiwango cha juu, bila kutegemea unga. Hoja yao ni kwamba uchafu ndani ya plastiki ndio unaoleta chaji, hivyo heri kuondoa uchafu kuliko kuongeza mitego. Kwa mchumi, ushindani huo ni habari njema, kwa kuwa hushusha bei.

Somo la Zanzibar

Sasa turudi nyumbani, kwenye swali la hasara. Mfano mkubwa tulionao wa kebo kufa uko Zanzibar. Kisiwa cha Unguja kilikuwa kikipata umeme kwa kebo ya baharini iliyowekwa mwaka 1980, yenye uwezo wa megawati 45, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mei 2008 umeme ulikatika kisiwa kizima kwa takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 ukakatika tena, na haukurudi hadi Machi 2010.

Ikumbukwe kuwa kebo ile ilikuwa ya AC, kwa hiyo chaji zilizokwama si ugonjwa ninaousingizia. Ninachotaka tukione ni ukubwa wa hasara pale kiungo kimoja kinapokatika.

Mchumi Alfredo Burlando wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, alichunguza giza la mwaka 2008 na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Aligundua kwamba watu waliokuwa kwenye kazi zinazotegemea umeme walipunguza sana saa za kazi, ilhali wengine hawakuathirika hivyo. Kisha akatazama kumbukumbu za uzazi. Watoto ambao mimba zao zilikuwa changa wakati wa giza walizaliwa na uzito mdogo kuliko kawaida. Kipato kilipokatika, chakula cha mama kilipungua, na mizani ya wodini ikaonyesha miezi kadhaa baadaye.

Wafanyabiashara wa viazi mviringo na vitunguu kutoka kwetu wanaouza Dar es Salaam na visiwani wanajua maana yake. Mteja asiye na kipato hanunui, hata kama barabara ni nzuri. Mwaka 2013 kebo mpya ya megawati 100 ilizinduliwa kwa msaada wa Marekani, na Unguja ikapata nafuu.

Mbeya na Iringa ziko wapi?

Nyanda za Juu Kusini hazina bahari. Lakini zipo katikati ya ramani mpya ya umeme. Mradi wa TAZA, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha kuufadhili mwaka 2018, ni njia ya kilovoti 400 yenye urefu wa zaidi ya kilomita 600 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga. Lengo lake ni kuiunganisha gridi yetu na Zambia, na kupitia Zambia nchi za kusini mwa Afrika.

Njia hiyo yenyewe ni ya AC. Lakini mtandao wa kusini tunaokwenda kushikana nao una njia ndefu za DC: ile ya Cahora Bassa nchini Msumbiji inayopeleka umeme Afrika Kusini, na ile ya Inga hadi Kolwezi nchini Kongo, yenye urefu wa takriban kilomita 1,700. Kaskazini, Ethiopia na Kenya zimeunganishwa tangu mwaka 2022 kwa njia ya DC ya kilovoti 500 yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, na Kenya nayo imeunganishwa nasi kupitia Singida na Arusha.

Njia hizi zimetundikwa kwenye minara, na hewa ndiyo kihami chao kikubwa. Hata hivyo, kila upande zinapoingia kwenye vituo vya kubadilishia umeme hukutana na vihami vya karatasi, epoksi na plastiki ambavyo chaji huweza kukwama ndani yake. Na endapo siku moja nchi zetu zitaamua kupitisha DC chini ya ardhi au chini ya ziwa, suala la chaji kwenye plastiki litakuwa letu moja kwa moja. Umeme wa viwanda vya chai Mufindi, mashine za mbao Mafinga, vinu vya mpunga Mbarali na vipoza maziwa utategemea uimara wa vihami vilivyo nje ya mipaka yetu.

Kwa hiyo wanaosaini mikataba ya vifaa kwa niaba yetu wanapaswa kuuliza maswali mawili ya ziada. Je, kihami kimepimwa kwa chaji, au kwa msongo tu? Na je, kilipimwa kikiwa cha moto na mwelekeo wa umeme ukigeuzwa? Bei ya chini isiyojibu maswali hayo ni deni ambalo mlipa bili atalilipa baadaye.

Usinunue jina

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, nina onyo. Neno "nano" linavutia, na hakuna kinachomzuia muuzaji kulibandika kwenye bando la waya na kupandisha bei.

Chaji huanza kujikusanya ndani ya polithini msongo unapofikia takriban volti 10,000 kwa kila milimita ya unene wa ganda. Waya wa nyumbani au wa mashine ya kusaga una volti 230 au 400, na ganda lake lina unene unaokaribia milimita moja. Hata pampu ya sola, ingawa ni ya DC, haifiki huko. Kwa hiyo kwa matumizi yako huna haja ya kulipia nano. Ukiambiwa ndiyo sababu ya bei kubwa, beba fedha zako uende duka la pili.

Unachohitaji ni vitu vya kawaida. Nunua waya wenye alama ya ubora ya TBS, na udai risiti. Waya unaopita ardhini uwe wa aina inayozikwa, na upite ndani ya bomba. Waya wa juani uwe wa aina inayovumilia jua. Viungo vizibwe maji yasiingie. Mtumie fundi mwenye leseni ya EWURA, hata kama shemeji yako "anajua umeme kidogo".

Tuchukue mfano wa hesabu. Weka bei zako mwenyewe. Tuseme waya mzuri unazidi ule hafifu kwa Sh3,000 kwa mita. Kwa mita 40, umeokoa Sh120,000. Tuseme mashine yako husaga debe 80 kwa siku, na kila debe hukuachia Sh400 baada ya kulipa umeme na kijana wa kusaga. Siku 19 za kusimama ni Sh608,000. Akiba ya kwanza imekula mara tano yake, na hapo hatujahesabu wateja waliohamia kwa jirani wasirudi.

Mjomba alinunua waya mpya, safari hii akaupitisha ndani ya bomba. Nilipomweleza habari za unga wa nano na foleni ya Tunduma alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo yangu ilikufa kwa chaji?"

Nikamjibu hapana. Yake ilikufa kwa jua na kwa urahisi wa bei. Zile za chaji ni za wakubwa, lakini zikifa, giza lake hufika hadi kibandani kwake.